Redio yangu imeivuruga kwaya ya Vudee

Leo nimeizomea kwaya ya kanisa bila kufungua mdomo.

Nina redio ya mawasiliano, nimeiunganisha na kompyuta. Naandika maneno, redio inayarusha kama milio, na mtu wa mbali anayasoma kwenye kioo chake. Hakuna bando!

Wiki nzima nimeita, kimya. Leo akanijibu mtu wa Brazili. Nikaandika kama kichaa.

Kumbe kila nikituma, spika za kanisa la jirani zinapiga miluzi. Na kwaya iko mazoezini, kesho wana harusi.

Mlango ukagongwa. Mwalimu wa kwaya, kafura.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Zima hilo dude!”

“Niage tu, mama. Yuko Brazili.”

Akainama kwenye kioo. Akavuta kiti.

“Muulize kama huko wanaimba kwaya.”

Nikatuma. Kule kanisani miluzi, watu wakapiga yowe. Mama wala hakugeuka.

Jibu likaja: anaimba besi.

“Besi!” Mama akasimama. “Besi wetu wote wako Ndungu wanavuna mpunga. Mwambie kesho saa nne, asichelewe.”

Jamani, namwandikiaje huyu mtu?