Ishirini Isiyo na Mwaka

Waliponizuia kuendesha basi, daktari aliniambia nipumzike. Mtu ambaye hajapata kuendesha basi London hajui neno hilo linavyomtesa dereva. Miaka yote nilikuwa natoka kwenye jengo letu la kaunsili, serikali ya mtaa, pale Tottenham kabla hakujapambazuka, chai ya tangawizi imo kwenye chupa, na wakati majirani wanafungua mapazia mie nishavuka mto na kurudi. Halafu asubuhi moja, kwenye kituo cha mwisho, basi limesimama na abiria wote wameshashuka, macho yakafunga kiza. Nilipozinduka kichwa kilikuwa juu ya usukani na honi inalia. Hakuna aliyeumia. Lakini dereva aliyezimia bila sababu kujulikana hakabidhiwi roho za watu. Leseni yangu ya basi ikachukuliwa mpaka moyo upimwe, na foleni ya vipimo ilikuwa ndefu.

Nikabaki nyumbani, na nyumba ikanikataa. Nilifungua friji bila njaa. Nilikaza bawaba za makabati ambayo hayakuwa mabovu. Nilisimama dirishani na kila basi la njia yangu lilipopita nilisema na dereva asiyenisikia: umechelewa, mwenzako yuko nyuma yako, ondoka. Usiku usingizi uliniruka, mchana ukanikamata nimekaa, na nikishtuka nilikuwa nimekanyaga zulia kwa mguu wa kulia kama nafunga breki.

Mke wangu hata siku za heri hana subira na mwanamume anayezagaa jikoni kwake. Yeye anasimamia duka la kufulia nguo karibu na soko, lile la mashine za kutumbukiza sarafu. Kila jioni alirudi na sarafu za siku ile, akazigawa mezani kwenye vifuko vya plastiki: nyingine za benki, nyingine za kurudi dukani asubuhi kuwa chenji. Jioni moja alizimwaga zote mbele yangu.

"Haya bwana," akasema. "Miguu yako imenichosha. Itafutie mikono kazi."

Nilianza kwa kufanya kama nilivyoambiwa. Lakini macho ya dereva hayajui kutazama kitu bila kukikagua. Niliona kuwa sarafu za peni kumi, nyingine zinang'aa kama sufuria mpya na nyingine zina weupe uliotulia, wa zamani. Nikachukua sumaku iliyoshika kalenda kwenye friji, nikaipitisha. Zile mpya ziliruka zikanata. Zile kongwe hazikujali. Nikaipitisha tena. Nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu nizimie.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kuamua ipi ibaki na ipi irudi duniani. Nilitenga kumi zote zilizoikataa sumaku. Nilitenga ishirini zenye uso wa malkia akiwa bado kijana, na hamsini zenye picha nisizozijua. Kila niliyoitoa nililipia kwa noti zangu mwenyewe, ili hesabu ya duka isipungue hata peni. Nilizipanga kwenye makopo ya maziwa ya unga, makopo nikayapanga chini ya kitanda. Mke wangu alifagia akayagonga, akainama kutazama, akaendelea kufagia. Nadhani alifurahi kwamba nimekaa.

Siku moja nilijaza begi nikapanda treni mpaka Southall, upande wa pili wa London. Pale kuna mama wa Kipunjabi, mzaliwa wa Kisumu, mwenye kiduka chembamba alichoachiwa na mumewe. Mbele anauza bangili, nyuma ananunua sarafu za kale. Nilimjua kwa sababu aliwahi kumtengenezea mke wangu kipete kilichokatika, na mara ya kwanza aliposikia tunasemezana aliingia kati kwa Kiswahili chake cha Kenya, tukabaki mdomo wazi.

Alimwaga begi langu juu ya kitambaa cha bluu, akavaa miwani, akaanza kuzisukuma kwa kidole kimoja.

"Hii nunua maziwa," akasema. "Hii nunua maziwa. Hii maziwa. Hii pia maziwa. Wewe, umeniletea ng'ombe mzima?"

"Lakini hizo ni za zamani, mama. Hazinati kwenye sumaku."

"Sasa? Mimi pia ni mzee, na sinati kwa sumaku. Nani ananinunua?" Akavua miwani akanitazama. "Sikiza. Uzee si kitu. Wewe uliza, walitengeneza chache? Watu wanaitafuta na wanaikosa? Na uso wake, bado ni safi ama umelambwa na mifuko ya suruali? Kama majibu ni hapana, hapana na umelambwa, wacha iende."

Katika begi lote alisukuma upande wa kushoto sarafu moja tu, hamsini yenye mnara wa ghorofa nyingi na jani linalojiviringisha juu yake. Hiyo alisema niifunge kwa karatasi laini wala nisiisugue. Halafu akainamia kitambaa na kunichorea kwa kucha sarafu ya peni ishirini, ambayo kila mtu wa biashara yake anaiota. Kuna mwaka walihamisha tarehe, kutoka upande wa nyuma kuipeleka upande wa malkia, na katika kubadilisha vyuma vya kupigia chapa wakachanganya. Zikatoka zilizo na kipande cha ngao nyuma, na uso wa zamani mbele, na mwaka haupo popote.

"Ukiipata, usiipeleke kwa mtu mwingine," akasema. "Hata kwa mke wako."

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa na ng'ombe wangu mzima mapajani, na sikuweza kuketi. Nilisimama mlangoni njia nzima.

Yaliyofuata sikuyaita mchezo tena. Kila jioni niligeuza kila ishirini iliyoingia nyumbani. Ngao, geuza, mwaka upo, tupa. Ngao, geuza, upo, tupa. Ningeyarudisha yale makopo ya chini ya kitanda, kwa kuwa nishaambiwa ni maziwa, lakini nikaogopa huenda sikuyaangalia vizuri. Hivyo nikayapitia tena, na nikaongeza mengine ambayo nilitaka kuyapitia kesho. Binti yetu alipokuja kutusalimia alinikuta na lenzi jichoni, akaniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba niko sawa. Akamtazama mama yake.

Na kweli, alasiri moja, niliipata. Ngao nyuma. Nikageuza: malkia, maandishi yanazunguka, na pale ambapo mwaka ungekaa, hapana kitu. Niliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Nikaisogeza tena. Moyo wangu ulipiga vibaya, kwa ule mruko ambao nilikuwa nimeanza kuuzoea na nilikuwa simwambii mtu. Nikaitumbukiza kwenye kopo lililokuwa karibu, niketi kwanza, nitulie. Nilipanga ijifiche mle kati ya wenzake mpaka Alhamisi, siku ambayo yule mama hana wateja wengi, niende Southall.

Jumatano mke wangu alirudi mapema, na mlango aliufungua kwa bega.

Mteja wake mmoja, mama wa Kikongo anayefua majoho ya kwaya ya kanisa lake, alikuwa amebaki na mzigo mzima wa majoho yaliyolowa. Noti anayo, lakini droo ya chenji haikuwa na ishirini hata moja, mashine za kukaushia zinakula ishirini tu, na duka jirani walikataa kuvunja. Kanisani kulikuwa na mazishi siku ile. Kwaya iliimba na nguo za nyumbani.

"Nimesimama pale kama mwizi," mke wangu akasema. "Mwanamke mzima ananilia mbele yangu, majoho yanadondosha maji, na mie najua chenji yangu yote iko chini ya kitanda cha nani."

Hakungoja jibu. Alivuta makopo yote, akayamwaga kwenye mfuko wa nguo, akaondoka nao akiuburuza. Mie nilisimama. Nilitaka kusema kuna moja humo, nisubiri, niangalie. Lakini nilikumbuka kwaya, nikampisha mlangoni. Nilisikia mfuko ukigonga ngazi, moja baada ya moja, mpaka chini.

Alhamisi nilikuwa dukani kabla yake. Nikasema nimekuja kusaidia. Nilikaa kwenye benchi karibu na droo na kila aliyebadilisha noti nilimwomba nizione sarafu zake kwanza. Wengine walinionyesha, wengine waliziminya mkononi na kusogea. Ijumaa nikarudi. Jumamosi nikarudi. Yule mama wa Kikongo aliingia na mzigo, akanitazama nilivyopiga magoti mbele ya mashine nikichungulia tundu la sarafu kwa tochi ya simu.

"Papa," akaniambia, "unatafuta nini mule ndani?"

Nilimwomba radhi kwa ajili ya majoho. Akasema marehemu alikuwa mtu wa utani, angecheka. Akaanza kupakia nguo, na mie nikachukua funguo za mke wangu ukutani, nikafungua kisanduku cha sarafu cha mashine ya mwisho. Nikazimwaga sakafuni, nikainama.

Ule mruko ukaja, na safari hii haukutua. Nilisikia mashine zinazunguka mbali sana. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala juu ya sarafu, shavu limenata na ishirini, na yule mama wa Kikongo amenishika kichwa kwa mikono yenye harufu ya sabuni. Mke wangu alikuwa kwenye simu anataja anwani ya duka kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake.

Kwa kuwa gari la wagonjwa lilifika upesi, waya za mashine yao zilikuwa kifuani mwangu nilipozimia tena. Kile nilichokuwa nakisubiria kwenye foleni ile ndefu walikiona palepale kwenye karatasi ya mashine: moyo wangu ulikuwa unasimama, kisha unakumbuka, kisha unaendelea. Hospitali waliniwekea kifaa kidogo cha kuukumbusha moyo kupiga, chini ya mfupa wa mtulinga.

Mke wangu aliketi karibu na kitanda na koti lake bado mwilini.

"Sasa niambie," akasema. "Ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamwambia. Ngao, tarehe, Southall, Alhamisi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia ningechambua na wewe."

"Niliambiwa nisikwambie."

"Na huo moyo nao? Nani alikwambia usinambie?"

Nikageukia dirisha. Akanishika kidevu, akanirudisha.

Sarafu ile hatukuiona tena. Nilipopata nguvu nilikwenda Southall kumweleza yule mama. Aliniuliza kama pembeni ilikuwa na mikwaruzo, maana wapo wanaoisugua tarehe ikafutika, wakaja kumdanganya. Nikasema sikumbuki. "Basi hata mimi siwezi kukuambia ulipoteza nini," akasema, akaagiza chai, tukazungumza habari za Kisumu kwao na Unguja kwetu mpaka wateja wakaanza kukohoa.

Leseni walinirudishia baadaye. Wenzangu kwenye gereji walinipigia makofi, nikapewa basi la njia yangu. Nililiendesha siku moja. Kila kituo, kabla ya kufungua milango, nilijikuta nasikiliza kifua. Mwanamke alipanda na kitoto mgongoni, akanisalimia, na mkono wangu ukawa haupati kuitoa breki. Niliifikisha zamu mpaka mwisho, nikaenda kwa msimamizi nikamwomba kazi ya chumba cha redio, kule wanakowaambia madereva nani amechelewa na nani asubiri. Hakuna aliyenilazimisha. Mke wangu nilimwambia jioni, akaacha kukuna nazi, akasema, "Haya," halafu akaendelea kukuna.

Ndiyo kazi niifanyayo sasa. Wenzangu wanakaa kwenye viti vyao vya magurudumu, miguu imenyooshwa. Mie naongea na madereva nimesimama, natembea mpaka pale waya wa kisikizio unaponivuta, narudi, natembea tena.