Kibodi Iliyotoka Zambia

Ninaandika kwa aibu. Kwenye kliniki yetu ya Kampemba, seva ilikataa neno langu la siri. Nikalirudia na kulirudia bila kutazama vidole, mpaka seva ikanidhania mwizi, ikafungia ofisi nzima. Mafaili ya wagonjwa hayakufunguka tena. Nikamwambia mkurugenzi kwamba Mama Ngalula wa mapokezi amelibadilisha neno langu, afukuzwe.

"Papa Ilunga, miye nilikukosea nini?" akalia.

Fundi wa kompyuta akaja. "Papa, andika ile neno yako hapa pa wazi, tuone."

Nikaandika kwa mbio. Kila A ilitoka Q.

"Kibodi hii mpya ni ya Zambia, ya Kiingereza, Papa. Herufi haziko kama kwenye yetu ya Kifaransa."

Nikageuka. Mama Ngalula, mfuko begani tayari, alikuwa nyuma yangu akizisoma zile Q kwenye skrini.