Mifupa Iliyochoka

Mboni wa Bondeni akicheka, mkono hutangulia mdomoni. Hata akiwa kwenye simu, na anayezungumza naye yuko Mombasa, mkono hupanda wenyewe. Ukimuuliza sababu atakwambia ni mazoea tu, na hapo amekudanganya. Ni meno. Maji ya visima vya bonde hili ni matamu, hayana harufu, yanang'aa kwenye gilasi, lakini yamebeba madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa tangu uchanga, meno yake ya ukubwani huota na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na hayasuguki kwa mswaki wala kwa mkaa. Mtu wa Nairobi akikuona umefungua mdomo husema, "Kumbe wewe ni wa Nax," yaani Nakuru, akijiona mjanja.

Alipoposwa mara ya kwanza, mama wa bwana harusi alimtazama meno akijibu salamu, na posa ikafa kabla chai haijapoa. Alikuja kuolewa baadaye na mwanamume wa huko huko Bondeni mwenye meno kama yake, wakamzaa Sundus, lakini siku ile hakuisahau. Watu humwona mchangamfu. Ukweli ni kwamba alikuwa na hasira, na mengi aliyoyafanya baadaye aliyafanya kwa hasira hiyo.

Chuoni Njoro alisomea sanaa, akawa fundi wa vyombo vya udongo. Huko alikutana na Weldon, kijana wa Kuresoi aliyesomea kemia. Weldon alikuwa na jambo moja la kusema na alimwambia kila mwenye masikio: mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa kunyimwa hewa mpaka ikawa mkaa, huikamata floraidi na kuyaacha maji salama. Hakulibuni yeye. Lilijulikana miaka mingi, limelala vitabuni, na watoto wanaendelea kuota meno ya strungi. Kilichokosekana ni chombo ambacho mama wa Gilgil angekubali kukiweka sebuleni kwake.

Basi wakaanza. Mifupa ilitoka kwa Yaseen, kaka yake Mboni, mwenye bucha mjini. Wakajenga tanuri nyuma ya nyumba, na majirani wakawatukana kwa ajili ya harufu. Kazi yenyewe ilikuwa na kasheshe. Hewa ikiingia, mifupa hutoka myeupe kama chaki na haifai kitu. Ni ile myeusi ndiyo inayochuja. Wasaidizi wapya waliipenda myeupe kwa kuwa ilipendeza macho, na Mboni alikuwa akiwafokea mpaka sauti inakauka: "Nyeusi ndio inafanya kazi! Hiyo nyeupe mpake nayo ukuta!"

Mkaa wa mifupa ukatiwa ndani ya mtungi mkubwa wa udongo wenye mfereji chini. Wateja wakaja, wakafunua kifuniko, wakaona mifupa, wakaondoka mbio. Waislamu waliuliza kama ni ya nguruwe. Wakristo walisema ni mambo ya shetani, na mama mmoja wa Njoro alirudisha mtungi wake akiwa ameandamana na pasta. Hapo Mboni akafanya jambo ambalo hakuna mkemia angelifikiria. Alikiziba kifuniko kwa saruji, akaacha tundu dogo la kumiminia maji, kisha akachora maua ya pareto kuzunguka kiungo chote, yale meupe yenye jicho la manjano, mpaka usijue kiungo kiko wapi. Mifupa haikuonekana tena. Akina mama wakaipenda mitungi, wakaitandikia vitambaa vya kufuma, wakaiweka kando ya televisheni.

Weldon aliizunguka mitungi ile akiikagua, akatikisa kichwa.

"Umeziba, ni sawa," alisema. "Lakini mifupa huchoka, Mboni. Baada ya miezi inashiba, haishiki kitu. Na mtu hawezi jua, juu floraidi haina ladha. Nani atafungua?"

"Sisi," Mboni alijibu. "Tunapita na pick-up. Tunachukua iliyochoka, tunaacha mingine."

Hapo ndipo ulipokuja Mfuko wa Chimbuko. Ulikuwa umeundwa na watu Weusi, wa hapa na wa ng'ambo, waliochoshwa na kuona vipawa vya wenzao vikiozea vichochoroni. Ulisaidia wabunifu wenye kazi inayounganisha sayansi, sanaa na maisha ya jamii. Walikuwa watu wazuri, na hilo ndilo linalouma. Afisa wao, Abby, msichana wa Nairobi mwenye moyo mkunjufu, alifika Bondeni, akauona mtungi wenye maua, akaambiwa kuna nini ndani, akalia machozi. Hakuna aliyewahi kuililia kazi ya Mboni kabla ya siku hiyo. Mboni alimpenda papo hapo.

Fedha zikatoka. Pick-up ikanunuliwa, mitungi ikachomwa kwa wingi, ikasambazwa mpaka mashamba ya nyuma ya Gilgil. Huko walimkuta mama mmoja aliyejifungua majuzi tu, na kitoto chake cha kike, Wangare, kikiwa kwenye kanga. Mpiga picha wa Mfuko akamweka Mama Wangare kando ya mtungi, mtoto kifuani. Picha hiyo ilibandikwa kila mahali, na chini yake pameandikwa: Kizazi cha meno meupe kimezaliwa. Mboni aliitundika karakana kwake. Asubuhi akiingia humwamkia mtoto huyo kabla ya kuwasha tanuri.

Muda wa kubadilisha mifupa ukafika. Mboni na Weldon wakaomba msaada wa mafuta ya gari, mifupa mipya na vibarua wa kutembelea mitungi yote. Abby alipiga simu mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya.

"Mboni, my dear, board imekataa. Wanasema hiyo ni maintenance. Chimbuko inasaidia innovation. Hebu niandikie kitu kipya, nitaipigania."

"Abby, mifupa imechoka."

"Naelewa. Lakini andika kitu kipya."

Akaandika kitu kipya. Mwaka huo ilikuwa mitungi midogo ya mashuleni, yenye michoro ya wanyama. Mwaka uliofuata maonyesho Nairobi, mitungi imepangwa chini ya taa, watu wameshika gilasi za divai wakiyasifu maua ya pareto. Kila mara Mboni alijiambia atachomoa kidogo humo apitie mitungi ya zamani, na kila mara kipya kilimeza chote. Alibadilisha ya Bondeni, akabadilisha ya Njoro nusu. Pick-up ikafa injini. Upande wa Gilgil hakufika tena. Weldon aligombana naye mara ya mwisho mlangoni pa karakana.

"Waambie watu basi! Piga simu, sema wasikunywe!"

"Nikisema hivyo nani atanunua tena? Si kila kitu kitaanguka?"

"Na isipoanguka, watoto waendelee kunywa?" Weldon aliuliza. Akapata kazi ng'ambo, akaenda.

Mboni hakupiga simu. Kwanza alisubiri fedha, kisha akasubiri gari, kisha ukawa umepita muda ambao mtu hawezi kupiga simu bila kuulizwa alikuwa wapi. Aliona aibu, na aibu ikamfunga mdomo kuliko mkono wake ulivyowahi kuufunga. Ile picha aliihamisha, akaitundika nyuma ya mlango.

Miaka ikaenda. Mwaka huu Abby alipiga simu akiwa na furaha tele. Chimbuko ilikuwa inaadhimisha kazi zake, na wenyewe walitaka picha ya Wangare tena, msichana mkubwa sasa, akitabasamu kando ya mtungi ule ule. Mboni alisema ni vyema. Alipokata simu alikaa kwenye kigoda cha karakana mpaka tanuri likazimika. Meno ya mbele ya mtoto wa umri huo yalikuwa yameshaota, na yalijengeka ndani ya ufizi tangu akiwa mchanga, kwa maji ya mtungi wake.

Siku ya picha alitangulia mapema, peke yake, ili mama wa watu asije akausikia ukweli mbele ya kamera. Mama Wangare alimpokea kwa vigelegele.

"Mama Sundus! Karibu, karibu ndani. Nilikuwa nakuulizia kwa kila mtu wa Nakuru."

Mtungi ulikuwa pale pale, umepanguswa, maua hayajapauka, kitambaa kipya cha kufuma juu yake. Mama Wangare alikinga maji kwenye mfereji wake, akayatia sufuriani, akapika chai. Mboni alikinywa kikombe chote kwa kuwa hakujua angekikataaje.

"Huyu mtoto hajawahi kunywa maji ingine," Mama Wangare alisema kwa fahari. "Tuko na tangi ya mvua hapo nje, lakini hiyo nilisema ni ya ng'ombe na kufua. Ya kunywa ni ya mtungi. Hata tukienda kwa cucu, nyanya yake, Kabazi, huko wanachota kwa chemchemi, mimi nabeba jerikeni yangu nimejaza hapa. Wananicheka. Nawaambia, nyinyi chekeni tu."

Maji ya mvua hayana floraidi. Chemchemi za juu kule Kabazi Weldon alizipima zamani, akazikuta safi. Mtoto huyu alikuwa amezungukwa na maji salama pande zote, na mamake, kwa upendo na kwa jasho lake, alikuwa amemkinga nayo. Pasipo mtungi angekunywa ya tangi tu, kama ng'ombe.

"Wangare yuko wapi?" aliuliza.

Mama Wangare alishusha sauti. "Ako nyuma. Ameona haya. Sijui nikwambie aje, Mama Sundus. Meno imetoka mbaya. Ni maji ya shule hiyo, najua. Nimemchapa mpaka nikachoka, nikimwambia usikunywe huko. Anakataa, ati hakunywi. Anaapa. Mtoto mwongo hivyo, sijui ametoa wapi."

Mboni aliweka kikombe chini. Kwa muda wote alioogopa, alikuwa ameogopa meno. Kiboko hakuwa amekifikiria.

"Si mwongo," alisema. "Ni mtungi."

"Mtungi umefanya nini?"

"Ile mifupa ya ndani inayochuja ilichoka. Ilifaa tubadilishe, hatukubadilisha. Haichuji. Hayo maji ni ya kisima tu, vile yanaingia ndio yanatoka."

Mama Wangare aliutazama mtungi. Aliunyoosha upindo wa kitambaa chake, kama mtu anayesikiliza habari za nyumba nyingine.

"Tangu lini?"

"Tangu akiwa mdogo. Kabla hajatembea."

"Na ulikuwa unajua?"

Mboni angeweza kusema habari ya board, ya mafuta, ya injini. Yote yalikuwa kweli. "Nilikuwa najua," alisema.

Mama Wangare hakupiga kelele. Aliinuka, akatoka, na Mboni akamsikia nyuma ya nyumba akiongea na mtoto wake kwa Kikuyu, polepole, kwa muda mrefu. Kisha akasikia mtoto akilia kwa kwikwi, kile kilio cha mtu aliyeaminiwa kwa kuchelewa. Mboni alitamani ardhi immeze.

Gari la Chimbuko liliingia uani. Abby aliteremka amefungua mikono, akamkumbatia Mboni, akausifu mtungi, akasifu kitambaa. Mpiga picha akauvuta mtungi karibu na dirisha. Mama Wangare alirudi na binti yake, amevalishwa sweta safi ya shule, macho mekundu.

"Aki ni mrembo!" Abby alisema. "Wangare, simama hapo, mami. Sasa smile."

Mtoto alitabasamu, na mkono ukapanda mdomoni. Hakufundishwa na mtu. Ulipanda kwa namna ile ile, vidole vimekunjwa kidogo, kidole gumba chini ya kidevu. Mboni naye alijikuta ameziba mdomo wake, na hata hakuwa anacheka.

"Toa mkono kidogo, sweetie," mpiga picha alisema. Abby akamtazama mtoto, akamtazama Mboni, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Huyo muache," Mama Wangare alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Alimshika Mboni begani, akamsukuma mpaka akasimama kando ya mtoto, mbele ya mtungi wenye maua. "Mtoto mpige akiwa amefunika. Wewe, Mama Sundus, toa mkono."

Mboni akautoa.