Lile Ambalo Mama Hakulitamka

Kinu kitupu kina mlio wake. Chenye mtama hulia kwa uzito, kama mtu anayekohoa chini ya blanketi. Kitupu hulia kwa ukali, mti kwa mti, mlio ukakufika mpaka kwenye meno. Hata leo nikipita mahali mtoto anachezea mchi, nasimama.

Kabla sijawaeleza kwa nini, niwaambieni kwanza watu walisema nini juu yangu. Walisema sitakuwa mtu. Baba mdogo alikuwa akicheka, "Huyu kazi yake itakuwa kuamia ndege, na hata hao ndege watamzoea, maana hanyamazi." Kweli nilikuwa mtoto wa maneno. Kiswahili nilikidaka mapema kwa Myao mmoja wa Tunduru aliyetuletea chumvi na nguo, na kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka nilikuwa nawatafsiria watu wazima. Leo nina cheti cha ualimu chenye muhuri, nilichokipata pwani kwa jasho langu, bila jamaa bomani wala padri wa kunishika mkono. Nimekitia kwenye fremu. Anayetaka kukiona, mlango wangu uko wazi.

Wakati huo Mdachi alikwisha kujenga boma pale Songea, nasi tulikaa upande wa Mshangano. Vita vya Maji Maji vilipotufikia, baba aliondoka na wanaume wenzake, na mdogo wake akamfuata. Halafu askari wakachoma maghala na mashamba, njaa ikaingia, tukawa tunachimba mizizi ya porini na kuichemsha mpaka ilainike. Vijijini walipita wakitafuta kila mwanamume aliyekunywa yale maji. Aliyepatikana alipelekwa bomani, na kamba ya huko tuliijua hata sisi watoto.

Asubuhi moja baba mdogo alitokea msituni, peke yake, ananuka moshi na majani mabichi. Nilimkimbilia na kigoda. Hakukikalia. Alikaa chini, pale mlangoni, na maji aliyopewa akayaweka kando bila kuonja. Mama alimtazama. Hakumwuliza lolote, naye hakusema lolote. Baadaye mama akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamficha nyuma ya mikeka. Akatoka na kinu, akakiweka katikati ya uwanja, akaanza kutwanga.

Nilichungulia. Ndani ya kinu hapakuwa na kitu.

Nilimwelewa mara moja, au ndivyo nilivyojidai. Niliona mama anaificha njaa yetu. Anataka majirani wasikie kwamba kwake bado kunatwangwa. Jambo hilo lilinipendeza sana, kwa kuwa majivuno yangu sikuyaokota njiani. Alitwanga huku akiimba wimbo usio na maneno, sauti ikipanda na kushuka pamoja na mchi. Punde mke wa mhunzi, jirani yetu, akatoa kinu chake. Halafu nyumba ya tatu, na nyingine ng'ambo ya kijito. Kijiji kizima kikatwanga, na kijiji kizima kilikuwa hakina nafaka.

Ndipo askari wakaja, wawili. Mmoja akaniita.

"We mtoto, unajua Kiswahili?"

"Najua, bwana."

"Mwambie mama yako: watu wanakufa njaa, yeye anatwanga nini?"

Nilimgeukia mama, nikamtafsiria. Hakuacha kutwanga wala hakunitazama. Hakunipa neno la kumrudishia askari, na mlango wa nyumba ulikuwa nyuma yangu, hatua chache tu, na baba mdogo yuko ndani.

"Anasema mtama, bwana," nikajibu. "Wa mbegu."

"Mbegu inatwangwa? Mama yako ana wazimu."

"Ndiyo, bwana. Hata baba yangu mdogo husema hivyo." Ulimi ulikwisha kuteleza. Nikaongeza haraka, "Alikuwa akisema, kabla hajaenda kwenu kubeba mizigo."

Mwenzake akacheka. Huyu wa kwanza hakucheka. Alipiga hatua kuelekea kwenye kinu.

"Basi nipe huo unga."

Mke wa mhunzi alikuwa amefika, sikumwona alivyokuja. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo kilichofunikwa jani la mgomba. Alisema kwa Kingoni, bila haraka, "Mwambie unga huu hapa, umekwisha kuchekechwa." Nilijua ule ndio unga wa mwisho wa watoto wake. Nikatafsiri. Askari akafunua jani, akanusa, akachukua kikapu na unga wake, wakaenda zao. Mama na yule jirani hawakuambiana asante wala karibu. Walirudi kwenye vinu vyao, wakatwanga mpaka jua likawa kali.

Kila nilipomwuliza mama baba atarudi lini, alinituma maji. Watoto wenzangu walisema mateka wengine walipelekwa pwani, basi nikajua baba yuko huko. Nilipopata nafasi ya shule pwani, nilikwenda na mambo mawili moyoni: cheti, na yeye. Kilwa na Lindi nilitazama nyuso za wapagazi mpaka wakanitukana.

Huko shuleni mwalimu alitutaka tueleze namna jambo linavyofahamika bila kutamkwa. Nikasimama wa kwanza, kama kawaida yangu. Nikasema kuna kudokeza, unaposema nusu na mwenzio akamalizia. Kuna kufumba, unaposema hili ukikusudia lile. Kuna kuashiria, kwa jicho au kwa mkono. Na kuna mambo ambayo watu husema tu "imeeleweka," ingawa hakuna aliyefungua mdomo: mgeni akisema njia ina vumbi, unampa maji. Nilisifiwa mbele ya wote. Mfano wa mama sikuutoa, kwa kuwa ulikuwa wa aibu ya njaa.

Nilirudi Songea nimevaa viatu, nywele nimezipaka mafuta ya nazi na kuzichana upande mmoja, kama makarani. Mama alikipapasa cheti kwa vidole, akagusa muhuri. Nikamwambia, "Baba sijamwona, mama, lakini nitamtafuta tena."

Alikiweka cheti juu ya kitanda. Akaniambia nikae chini. Akaleta maji na wembe, akanilowesha kichwa.

Kwetu, baba akifa, mwana hunyolewa. Miaka ile kichwa kilichonyolewa kingewaonyesha askari nyumba ya mpiganaji, na kilio kingewaita mbio. Basi asubuhi ile mama alimlilia baba kwa mchi, na wanawake wote wakakifunika kilio chake kwa michi yao. Kunyoa kukangoja mpaka mimi nirudi. Baba mdogo aliingia akaketi karibu yangu, akingojea zamu yake.

Zile nywele za kikarani zikaniangukia mapajani. Wembe ulipofika nyuma ya sikio, nikainamisha kichwa ili mama amalize.