Punda Ndani ya Kompyuta

Mlio ule bado nauchukia. Kompyuta ya kituo chetu cha masomo mtaani Kinama ililetwa kama msaada wakati wa vita, ikiwa na programu ya hesabu kwa watoto waliobaki nyuma kimasomo. Mtoto akipata, nyota inawaka. Akikosa, punda anatokea kwenye kioo, anapanua mdomo na kulia mpaka anasikika barabarani.

Mimi ndiye niliyeiendesha. Sikusomea kazi hiyo; nilijifunza katika kijitabu cha Kifaransa kilichokosa kurasa za mwanzo, nikakikariri kama sala kwa hofu ya kukosea. Kila asubuhi nilifuta vitufe kwa pamba na spiriti, maana jasho la vidole vya watu hunitia kichefuchefu. Najua, ni ugonjwa.

Kulikuwa na msichana kutoka mtaa wa Carama. Shangazi aliyemlea aliuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na alishaniambia mbele yake: "Akianguka tena mutihani ya darasa la sita, basi. Atabeba ndagala kama mi." Kwa hiyo msichana alikuja kwa miguu hata siku ambazo risasi zilisikika vilimani.

Siku ya kwanza alikosa swali moja. Punda akalia. Wavulana wakapiga mabenchi: "Punda ya Carama! Mumupe majani!" Tangu hapo hakubonyeza kitu. Alikikodolea kioo macho mpaka muda ukaisha, na programu, ikimhesabu mzito, ikamshusha na kumshusha hadi maswali ya watoto wadogo kabisa: embe mbili na embe tatu ni ngapi?

Niliiamini mashine. Kisha nikaona kiganja chake. Alikuwa amejumlisha kwa kalamu sehemu mbili, tatu ya nne na moja ya sita, na chini yake kumi na moja ya kumi na mbili. Sahihi kabisa.

"Mbona hukuiandika humu?"

"Kama nimekosa, punda atalia."

Spika ilikuwa ndani, haina pa kupunguzia sauti. Nikafungua sanduku, nikakata waya. Kwangu kuharibu kitu kizima ni kama kumeza inzi. Lakini katika ukimya ule msichana alikosa, akakosa tena, akapata, akaanza kupanda.

Wageni walioileta kompyuta walipokaribia kuja kuitazama, mkurugenzi wa kituo aligundua.

"We, umeua punda?"

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Sasa wageni watafurahia nini?"

Akamwita fundi wa redio, waya ukaungwa.

Wageni walikuja na suti zao. Hakuna aliyemwuliza mtoto hata mmoja swali. Waliandika majibu ya uongo makusudi ili punda alie, wakisukumana kama walevi. Mmoja alicheka hadi mate yakarukia vitufe vyangu. Mkurugenzi alicheka kuwashinda.

Msichana aliwatazama, kisha akatoka. Nikamfuata.

"Mwalimu, mutihani iko kwa kompyuta?"

"Apana. Iko kwa karatasi."

"Karatasi haina sauti?"

"Haina."

"Basi uniandikie hesabu kwa karatasi. Mule ndani mi sirudi."

Tukakaa kwenye kizingiti cha nyuma. Niliandika, alikosa, nikasahihisha, akaomba nyingine. Ndani, watu wazima waliendelea kumliza punda.