Meno ya Korona

Baba alinipiga kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukuwepo. Naanza hapo kwa kuwa watu huniuliza nilijifunzia wapi kuchora, nami nimechoka kuwadanganya kwamba ni shuleni.

Mkono wa kulia ulichukuliwa na korona, ile mashine kubwa inayochuna majani ya mkonge hadi zibaki nyuzi tupu, katika shamba moja nje ya Voi. Baba alikuja huko kutoka magharibi kutafuta kazi kabla sijazaliwa. Siku hiyo alikuwa akipanga majani mezani. Kamba zinazovuta majani zilimkamata vidole, zikaupeleka mkono ndani hadi juu ya kiwiko kabla mtu hajazima injini. Nilikuwa na miaka tisa. Nalikumbuka blanketi walilomfunga, lilivyokuwa likidondosha damu njia nzima hadi kwenye gari. Majirani walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini wake ulinilea vizuri sana, kwa kipande cha mkanda wa injini alichokining'iniza nyuma ya mlango.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, meneja mmoja alihama, akaacha takataka nyuma ya nyumba yake. Humo niliokota jalada la santuri ya zamani ya muziki wa roki, bila santuri ndani. Lilikuwa na picha ya mwanamke aliyefumba macho. Mabomba yalimwingia shingoni, uti wa mgongo wake ulikuwa mnyororo, na hukuweza kujua nyama inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Muziki wenyewe sijausikia hadi leo. Nililificha jalada chini ya godoro, nikawa nalitazama kila siku kwa hofu na kwa uchu. Niliamini kwamba kuna mtu huko ng'ambo aliyejua yaliyotupata sisi, na bado naamini.

Jumapili moja wazazi walipokwenda kanisani, nilichukua makaa nikamchora baba kwenye ukuta wa chokaa. Nilimchora mzima. Bega la kulia lilitoa mabomba, mabomba yakawa mkono, vidole vikawa minyororo, na mbavu zake zikafunguka na kuonyesha meno ya korona, marefu na makali kama visu. Nilidhani namrudishia mkono wake. Nilioga, nikavaa gauni safi, nikakaa kumsubiri aone zawadi yake.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akafuata mkanda nyuma ya mlango. Alinipiga mpaka jino likatoka, na nilipoanguka alinipiga mateke ya mbavu. Mama alimvuta kwa mkono wa shati usio na kitu ndani, ukachanika, akabaki na kitambaa mkononi. Baba alilipata jalada, akalikanyaga kwa mguu na kulirarua kwa meno. Halafu akanipa panga nikwangue ukuta. Nilikwangua mpaka chokaa na udongo vikaanguka, damu ikinitoka mdomoni, nikiomba korona immeze mwili mzima. Niliomba kwa moyo wote, na sijawahi kuitubu sala hiyo.

Miaka mitatu baadaye, kwenye banda la video mjini, nilimwona mdude wa namna ile ile katika sinema, nusu mfupa nusu chuma, akimpasua mtu kifua. Watu walipiga mayowe na kucheka. Mimi nililia kwa wivu, kwa sababu aliyemtengeneza hakuna aliyemvunja jino.

Leo nachora picha kwenye malori pale Maungu, kando ya barabara kuu. Madereva huniambia, "Madam, nichoree ile ya mamashine," nami humchora mtu yule yule, mkono ule ule. Na baba tulikuwa tunasalimiana tu, kwenye matanga na Krismasi.

Mwezi jana alikuja bila kunijulisha. Lori moja nililolichora lilikuwa limepita kwenye lango la shamba, akaiona picha, akaniulizia kwa dereva. Alisimama mbele ya mlango wa nyuma wa lori jingine, rangi haijakauka, akatazama kwa muda mrefu kama siku ile. Nilikuwa nimeshika skrepa ya kukwangulia rangi. Niliapa kwamba akiinua mkono tu, nitamchoma nayo shingoni.

Akauinua. Akaweka kidole kwenye meno ya picha.

"Hii meno si ya ukweli," alisema. "Ya korona ilikuwa butu. Ingekuwa kali hivi, ingenikata mara moja. Ile ilinipondaponda, na mimi naangalia."

Nilishusha skrepa.

"Hata ile siku ya ukuta ulichora kali. Watu wangeona, waseme iliniuma kidogo."

Hakuniomba msamaha, nami sikumpa. Alifuta kidole kwenye mkono mtupu wa shati lake, ukabaki na alama nyekundu. Niliinua skrepa nikaanza kukwangua ncha za meno, jino moja baada ya jingine, naye kasimama nyuma ya bega langu akisimamia kazi.

"Hiyo bado," alisema.

Nikaikwangua tena.