Herufi za Vitumbua

Nimezichoka zile herufi, jamani, nimezichoka! Unazijua: nene, za mviringo, hazina pembe wala mikia, zimeumuka kama vitumbua. Hapa Garsen, kwenye kibanda changu cha kuchapisha mabango, kila anayeingia anataka hizo. Wa saluni, hizo. Wa duka la dawa, hizo. Hata waliofiwa, macho bado mekundu, wananiagiza bango la mazishi kwa herufi za sherehe ya mtoto. Nikiwafungulia nyingine kwenye kompyuta wanakunja uso. "Tuwekee zile nzuri."

Haya, nisizionee. Hata vumbi likitimka barabarani, zinasomeka. Nikikata stika hazichaniki ncha, maana ncha hazina. Na zina ukarimu wake. Duka lenye herufi hizo ni kama limeshakukaribisha.

Sasa mamba anakukaribisha wapi?

Mwaka huu mamba alianza kuwinda pale malka, njia ambayo wafugaji huteremshia ng'ombe mtoni. Kamati ya wafugaji na wakulima wa hapo ikaniagiza bango la onyo. Mama yangu anaishi kijiji cha karibu, huteka maji mto huohuo, na kusoma hajui. Nikamfikiria yeye. Nikachora mamba amekenua meno, na chini yake HATARI, kwa herufi nyembamba, kali, nyekundu.

Mzee wa wafugaji akatikisa kichwa. "Binti yangu, malka haifukuzi mtu. Mgeni ametembea kutwa, mifugo ina kiu, halafu wewe unamkenulia meno? Mwambie kwa upole."

"Mzee, mamba hana upole!"

Wakulima wa kwetu, ambao hubishana na wafugaji juu ya kila kitu, siku hiyo eti wakakubaliana nao. Picha ikatolewa. Nikaweka vitumbua, rangi ya buluu, huku nimefura kwa hasira.

Jioni nikampigia mama simu, nikaanza kumwambia ajihadhari, kuna mamba mkali. Akanikatiza kwa kicheko kabla sijamaliza.

"Mamba nimezaliwa nao mimi. Nitatafuta pahali pazuri."

Wiki haikuisha. Niliitwa zahanati, nikamkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Mamba alikuwa ameondoka na ndoo. Wafugaji ndio waliomvuta mama akabaki. Na wapi? Palepale malka, hatua chache tu kutoka kwenye bango langu!

Machozi yalikataa, hasira ndiyo iliyokuja. Nikamuuliza, "Mama, mto wote huu, hukuona pa kuteka ila pale?"

Akanitazama, akashangaa hata kuulizwa.

"Si niliona maandishi yako, mwanangu? Yaleyale ya kibandani kwako. Nikasema, kama mtoto wangu amepita hapa, basi hapa ni salama."